UZI: Burda inaanza na mtu aliyeachwa (mashairi ya mapenzi ya Waarabu wa kale)

Mchuma Karafuu

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama, asije akaniuliza kwenye komenti ya tatu "kwa hiyo?".

Burda, ile kasida ya kumsifu Mtume, niliihifadhi nikiwa na miaka tisa, madrasa, Tanga mjini. Usiku wa kuamkia Ijumaa tunakaa duara kwenye jamvi, chetezo kinafuka, maalim anaanza "Amin tadhakkuri jiiraanin bidhii Salami", sisi tunadaka. Nilijua pumzi ikatwe wapi na sauti ipande wapi. Maana sikujua hata neno. Nilichukulia ni dua tu kama dua nyingine.

Ukubwani kazi ya forodha ikanilazimisha kujifunza Kiarabu, na siku moja nikaifungua kasida ile ile. Tafsiri ni yangu, wajuzi mtanisahihisha:

*Ni kwa kuwakumbuka majirani wa Dhi Salam*
*ndipo chozi lililobubujika ukalichanganya na damu?*
*Au upepo umevuma kutoka upande wa Kadhima,*
*au umeme umemulika gizani kutokea Idam?*

Beti chache mbele anambana kabisa: utayakanaje mapenzi wakati mashahidi wawili waadilifu, machozi na maradhi, wameshatoa ushahidi juu yako? Utadhani wako mbele ya kadhi.

Dah. Miaka yote ile, watoto ishirini tumevaa kanzu na kofia, tulikuwa tunaimba kilio cha mtu aliyeachwa.

Kumbe ndivyo kasida inavyojengwa. Al-Busiri aliitunga Misri karne ya 13 kumsifu Mtume, na inasimuliwa kuwa alikuwa amepooza upande mmoja. Lakini alifuata desturi iliyomtangulia kwa miaka kama 700: hata kama shida yako ni kumsifu mfalme, kulitukana kabila la jirani au kujisifia ngamia, unaanza kwanza na mpenzi aliyeondoka. Kipande hicho kinaitwa nasib. Siyo ile ya bahati nasibu jamani. Hii ni ya sini, ile ni ya swadi.

Mkubwa wa fani ni Imru al-Qays, karne ya 6, mtoto wa mfalme wa Kinda. Shairi lake linaanza "Qifaa nabki", yaani simameni nyie wawili tulie. Wawili, kwa sababu Kiarabu kina umbo la kitenzi la watu wawili tu, na mshairi wa jangwani ana desturi ya kusafiri na wenzake wawili. Wanafika mahali ambapo watu wa yule mwanamke walikuwa wamepiga hema. Hapana kitu. Anachokiona ndicho kilichonichekesha, halafu baadaye kikanichoma: mavi ya swala yametapakaa uani "kama punje za pilipili manga". Mpenzi kahama, wanyama wamehamia. Kisha anakumbuka asubuhi ile walipofunga mizigo, yeye kasimama kwenye migunga kama mtu anayepasua matango machungu ya jangwani, yale yanayotoa machozi. Sisi tungesema kama anayekata vitunguu.

Zuhayr bin Abi Sulma yeye alirudi mahali pa Umm Awfa baada ya miaka 20. Anasema alipatambua kwa taabu. Vilivyobaki ni mafiga meusi pale chungu kilipokuwa kinainjikwa, na mfereji uliochimbwa kuzunguka hema kuzuia maji ya mvua. Mafiga! Hakuna nywele, hakuna macho, hakuna kiuno. Mwanamke mzima yumo kwenye masizi.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea mpaka mods wafunge uzi: hawa jamaa hawaandiki juu ya kupendana. Wanaandika juu ya nafasi aliyoiacha mtu. Akirudi, shairi halina kazi tena.

Nakuja.

Dereva wa Fuso

Nimevuta kiti. Ila mkuu, mavi ya swala kwenye shairi la mapenzi? Nikimtumia mama watoto hiyo, leo nalala kwenye gari.

Panya Buku

Siti ya mbele kabisa. Mkuu usije ukatuacha njiani kama wale wa "itaendelea" halafu mtu anapotea miaka mitatu.

Abuu Swafiya

Assalamu alaykum. Ndugu yangu, taratibu. Majirani wa Dhi Salam ni watu wa Madina na njia zake, na aliyekusudiwa ni Mtume (s.a.w.), siyo mke wa mtu. Na Qur'ani imeshasema kuhusu washairi kwamba wanaowafuata ni wapotovu. Msiwachezee watu dini kwa sababu ya komenti.

Mchuma Karafuu

Waalaykumu salaam shehe wangu, na umenena. Sijasema aliyekusudiwa ni mwanamke. Nimesema lugha aliyoiazima al-Busiri ni ya nasib, maana Waarabu hawakuwa na lugha kali zaidi ya hiyo ya kumlilia mtu aliye mbali. Ukimpenda Mtume na wewe uko Misri miaka 600 baadaye, utalia kwa maneno ya nani?

Aya ya Surat ash-Shuaraa uliyoitaja ni ya 224. Usishukie hapo, teremka mpaka 227: wametolewa walioamini na kutenda mema.

Halafu yuko Kaab, mtoto wa yule yule Zuhayr wa mafiga. Aliwahi kutunga kejeli dhidi ya Uislamu, damu yake ikahalalishwa. Akaingia Madina akiwa amejificha, akamwendea Mtume baada ya sala ya alfajiri kuomba amani, akapewa. Sasa mtu amenusurika kukatwa shingo, anasimama msikitini kuomba radhi kwa shairi. Anaanza na nini? "Baanat Suaad": Suad ameondoka, moyo wangu leo ni mgonjwa. Anamfananisha na swala mwenye sauti ya puani, kope zimeinama, macho yana wanja. Akitabasamu, meno yake ni kama yamenyweshwa mvinyo, yakaongezwa tena.

Mvinyo, shehe. Msikitini, mbele ya Mtume. Na hakukatizwa. Riwaya inasema Mtume alivua joho lake, yaani burda, akamvisha Kaab, na kasida ile ikaitwa Burda kabla al-Busiri hajazaliwa.

Abuu Swafiya

Hilo la Kaab ni maarufu, silipingi. Nilichochelea ni vijana kuona kila kasida ni taarabu. Endelea, nipo nasoma.

Asumini Kavu

Nina swali kwa mleta uzi. Hawa wanawake wenyewe wanasema nini? Mpaka hapa Suad ameondoka, Umm Awfa amegeuka masizi, mwingine ndiyo kaachia swala uwanja. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mnalilia watu ambao hamjawauliza kwa nini walihama.

Dereva wa Fuso

Uwiii. Mkuu jibu hilo, mimi naagiza soda.

Mchuma Karafuu

Dada Asumini, swali zito, na sina jibu la kukuridhisha lote. Nianze na wale wanaume wanaostahili kusutwa, halafu tufike.

Karne ya 7, baada ya Uislamu, ile nasib ikakata kamba ya kasida ikawa shairi kamili peke yake. Ndipo ghazali ya Waarabu ikapata miguu miwili. Mmoja mjini, mmoja jangwani.

Wa mjini ni Umar bin Abi Rabia wa Makka. Mquraishi, tajiri, kajipulizia miski. Msimu wake ulikuwa Hija, maana wanawake wa Iraki na Sham na Madina wote wanakuja wenyewe. Ana shairi moja la Hind ambalo nalipenda kuliko yote. Anasema: laiti Hind angetutimizia anachoahidi. Halafu anahadithia alivyosikia kwamba siku moja Hind amevua nguo anaoga kupoza joto, akawauliza jirani zake: enyi wenzangu, hivi mnavyoniona niko kama anavyonisifu, au jamaa anazidisha? Wakacheka kwa pamoja wakamjibu: kila jicho humwona mzuri limpendaye. Husuda tupu, anasema Umar, na husuda kwa watu ni ya tangu zamani. Mstari wa mwisho: kila nikimuuliza miadi yetu lini, Hind hucheka akasema, "kesho kutwa".

Kesho kutwa! Miaka 1,300 na ushee, kisingizio ni kile kile.

Asumini Kavu

Nimecheka, kweli. Lakini hapo aliyeandika "kesho kutwa" ni Umar. Hind bado hajaongea, kaongelewa.

Mchuma Karafuu

Nimekubali, 1–0.

Wa jangwani sasa. Hawa wanaitwa Waudhri, kwa sababu ya kabila la Banu Udhra, kule Wadi al-Qura kaskazini ya Madina. Bedui mmoja aliulizwa wewe wa kabila gani, akajibu: mimi ni wa watu ambao wakipenda wanakufa. Msichana aliyesikia akasema, huyu Mudhri, naapa kwa Mola wa Kaaba. Mpenzi wa Kiudhri ana mwanamke mmoja tu, hamgusi, hamuoi, hamsahau. Ndiyo maana majina yamefungwa pamoja kama mtu na ubini wake: Jamil wa Buthayna, Kuthayyir wa Azza, Qays wa Layla.

Huyo wa mwisho ndiye Majununi. Qays wa Banu Amir, Najd. Kosa lake wengi hawalijui: alimtaja Layla kwa jina kwenye mashairi, yakaenea. Kwa desturi yao hiyo ni kumwaibisha binti, baba akikuoza sasa ni kama amekiri kuwa palikuwa na jambo. Basi baba akakataa, Layla akaolewa Thaqif, Qays akaenda kuishi na wanyama. Beti zake zilizotembea kuliko zote ni hizi:

*Napita kwenye nyumba, nyumba za kina Layla,*
*naubusu ukuta huu, naubusu na ukuta ule.*
*Si mapenzi ya nyumba yaliyoushika moyo wangu,*
*ni mapenzi ya yule aliyekaa ndani ya nyumba.*

Angalia vizuri: anabusu ukuta. Ni yale yale ya mafiga.

Panya Buku

Alikuwepo kweli huyo au ni chai?

Mchuma Karafuu

Walishabishana wao wenyewe zamani. Al-Isfahani, aliyekusanya Kitabu cha Nyimbo karne ya 10, ameziweka pande zote, pamoja na waliosema hapakuwa na mtu kama huyo na mashairi yametungwa na wengine wakambandika yeye. Mimi naona pengine palikuwa na Qays mmoja mwenye beti kumi, watu wakamrundikia za kwao. Kila aliyeaibika na shairi lake alikuwa na pa kulitupa. Jina mpaka kwetu limefika, mtu akirukwa na akili tunamwita majununi.

Jamil ndiye namwamini zaidi. Alifariki Misri mwaka 701. Anakiri mwenyewe penzi lake na Buthayna lilianzaje: "kilichotuvuta kwanza kwenye mahaba, bonde la Baghid, ewe Buthayna, ni matusi". Alimtukana, naye akamrudishia, na kila neno lina jibu lake. Na ni huyu huyu aliyesema hoja yangu kuliko nilivyoisema mimi: mapenzi hufa kwangu nikikutana naye, nikiachana naye yanafufuka yakarudi.

Mtu anakwambia waziwazi kwamba ukija unaniharibia.

Mjukuu wa Kibokoni

Niko Mombasa, nawasoma tangu asubuhi. Bwana Mchuma, ongeza na maneno tuliyochukua. Huba, mahaba, ashiki, shauku, hawaa, laazizi, yote ya kwao. Beti pia: bayt ni nyumba, kwao ni mstari mmoja wenye vipande viwili, kama ukwapi na utao, sisi tukaijenga ikawa ghorofa ya mishororo minne. Hata neno bahari la ushairi ni bahr yao, mizani zile 16 za al-Khalil na al-Akhfash aliyemfuata.

Mchuma Karafuu

Mzee wangu umenipunguzia kazi. Nikupe moja ya kuongezea: kwa Kiarabu gharam ni penzi linalotesa, na gharama ni faini, deni linalokushika shingo. Mzizi mmoja, gh-r-m. Gharama tukaichukua, gharam tukaiacha.

Dereva wa Fuso

Hatukuiacha mkuu. Mimi naijua zote mbili, ada ya shule na salio vyote viko kwenye simu ya mtu hapa.

Na mimi niulize. Kuna dada nilimpenda kwa sauti tu, anapokea oda za mizigo. Miezi minne sijamwona uso. Hawa Waarabu wana la kunisaidia?

Mchuma Karafuu

Wanalo. Bashshar bin Burd, kipofu wa kuzaliwa, alikulia Basra, karne ya 8: "Enyi watu, sikio langu limempenda mtu wa mtaa ule, na sikio mara nyingine hupenda kabla ya jicho". Wakamuuliza unampenda usiyemwona? Akawajibu sikio ni kama jicho, linaufikishia moyo yaliyopo. Mashairi yake yalikolea mpaka khalifa al-Mahdi akampiga marufuku kutunga ya mapenzi.

Na Ibn Hazm wa Cordoba, Andalusia (Hispania ya Waislamu), mwanachuoni wa sheria kabisa, kwenye kitabu chake Mkufu wa Njiwa ana mlango mzima wa wanaopenda kwa kusimuliwa. Anaonya lakini: mara nyingi ukimwona, jengo lote linaanguka. Huyo ni mkweli mno. Anakiri ujanani alimpenda msichana mwenye nywele za dhahabu, na tangu hapo nywele nyeusi hazikumvutia tena, hata ziwe za nani.

Asumini Kavu

Ibn Hazm simgombi, huyo alilelewa na wanawake, ndio waliomfundisha Qur'ani na mwandiko, na anasema. Lakini mleta uzi umemruka mmoja makusudi. Dik al-Jinn, mshairi wa Homs, Sham. Alimpenda Ward, akamuoa, akaletewa maneno ya uongo kuwa ana mwanamume, akamuua. Alipojua ni fitina akakaa kumtungia beti: nimeinywesha ardhi damu yake, na midomo yake mara ngapi ilininywesha mapenzi. Watu wakazihifadhi mpaka leo, wanasema ni nzuri. Hoja yako ya "nafasi aliyoiacha mtu" hapo inasimamaje? Nafasi kaitengeneza mwenyewe.

Mchuma Karafuu

Nilimruka makusudi, ndiyo. Beti ni nzuri na mimi zinanitia kichefuchefu. Nimeanza kuandika jibu mara tatu nimefuta. Inasimama vibaya sana, dada. Kama penzi linanoga zaidi mtu asipokuwepo, basi Dik al-Jinn amelifikisha mwisho wake.

Abuu Swafiya

Na fitina pia ni fani kwao. Mchongezi, yule al-waashi, hakosekani kwenye mashairi yao. Yeye, na mwenye kulaumu, na mwenye kuchunga. Kwa Ward mchongezi alikuwa wa kweli.

Mjukuu wa Kibokoni

Bi Asumini, mwanamke mwenye mdomo yuko Cordoba, karne ya 11. Wallada binti al-Mustakfi, binti wa khalifa. Alitarizi beti kwenye vazi lake kwa nyuzi za dhahabu. Upande mmoja: "Wallahi mimi nafaa kwa makubwa, naenda mwendo wangu na kujidai". Upande wa pili: "Mpenzi wangu namwachia shavu langu, na busu langu nampa anayelitamani".

Hiyo ni leso, mwanangu. Kaivaa, katoka nayo, mwenye kusoma asome.

Panya Buku

Na anayejijua kuwa imemlenga anajijua 😂

Mchuma Karafuu

Na mpenzi wake anayejulikana ni Ibn Zaydun, waziri na mshairi. Walipendana, wakagombana, Wallada akahamia kwa hasimu yake. Ibn Zaydun akaingia jela, akatoroka, akamtungia ile kasida ya kina cha "na" mwanzo mwisho: kuwa mbali kumeshika nafasi ya kuwa karibu kwetu. Imekaririwa Andalusia nzima. Wallada naye alimjibu kwa beti ambazo nikiziandika hapa nafungiwa wiki mbili. Za jela na machozi tunazifundisha, zile za Wallada tunaziruka.

Asumini Kavu

Ziweke faragha.

Mchuma Karafuu

😂 Nitakutumia.

Lakini deni lako la kwanza bado, la yule aliyeimbwa kufungua mdomo mwenyewe. Ninayo moja, iko kwa al-Isfahani. Jamil ameshakufa Misri. Buthayna amezeeka, anaingia kwa khalifa Abd al-Malik bin Marwan, Damascus. Khalifa anamtazama juu mpaka chini, anaona kikongwe. Anamuuliza: hivi Jamil aliona nini kwako?

Buthayna akamjibu: aliona kile ambacho watu walikiona kwako walipokutawaza.

Khalifa akacheka mpaka likaonekana jino lake jeusi alilokuwa akilificha siku zote.

Asumini Kavu

Jino jeusi 😂😂 Haya. 1–1.